Gari la dizeli likigoma alfajiri, baridi isisingiziwe

Saa kumi na moja alfajiri mjini Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ukungu bado umefunika mabonde. Katika uwanja wa kuegesha magari ya mizigo, dereva wa lori dogo la dizeli, lililotengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, anazungusha ufunguo. Stata inaguna mara moja, inaguna mara ya pili, kisha inabaki kugonga "ta-ta-ta" huku taa za dashibodi zikififia. Utingo ameshashuka kutafuta vijana wa kusukuma.

"Mama, ni hii baridi ya huku," dereva anamwambia mwenye mzigo, aliyejifunika kanga mbili mabegani. Mama huyo hajibu. Anatazama saa. Mpaka wa Katuna hauko mbali, na ng'ambo yake, upande wa Rwanda, mteja anangoja mboga zifike sokoni Kigali mapema. Kila dakika lori linapokaa kimya, bei ya mboga hizo inashuka.

Picha hii wafanyabiashara wa mipakani wanaifahamu. Huonekana Limuru na Timboroa nchini Kenya, Njombe na Mbeya nchini Tanzania, Musanze nchini Rwanda na Kayanza nchini Burundi. Kila mahali lawama ni ileile: baridi. Na kila mahali dawa ni ileile: kusukuma, kuazima moto kwa jirani, kisha kukimbilia duka la karibu kununua betri ya bei rahisi kuliko zote ili safari iendelee.

Lawama hiyo si ya haki, na dawa hiyo ni ghali. Usiku wa Kabale hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Hiyo ni baridi ya kuvaa sweta, si baridi ya kuua betri nzima. Betri inayoshindwa kuwasha gari kwenye nyuzi 10 ilikuwa imekwisha zamani. Baridi ilileta taarifa tu. Mwenye gari akilielewa hilo, atabadili namna anavyochagua betri, mahali anapoinunua na jinsi anavyoitunza.

Kwanza ieleweke kwa nini dizeli kuukuu ni mgumu kuamka. Injini ya petroli huwashwa na cheche za plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda hadi ipate joto la kutosha kuiwasha dizeli inayorushwa na nozeli. Joto hilo hupatikana tu kama injini inazunguka kwa kasi. Ikizunguka polepole, hewa hupata muda wa kuvuja kando ya ringi zilizolika, na joto lake hunyonywa na kuta baridi za silinda. Dizeli inarushwa, moshi mweupe unatoka nyuma, gari haliwaki.

Hapo ndipo umri wa gari unapoingia. Injini mpya yenye mgandamizo mzuri inaweza kusamehe betri dhaifu. Injini iliyotembea kilomita laki kadhaa haisamehi, kwa sababu sehemu ya mgandamizo wake imeshapotea. Aidha, injini nyingi za zamani, kama zile za Toyota Hilux na Land Cruiser zinazosifiwa kwa uvumilivu, zina plagi za kupasha moto zinazotakiwa kuchemsha chumba cha moto kabla ya stata kupigwa. Plagi hizo peke yake huvuta makumi ya ampea. Kisha stata nayo huvuta mamia ya ampea kwa wakati mmoja. Mzigo wote huo unabebwa na betri, kwa sekunde chache, kabla injini haijajisaidia yenyewe.

Milimani mzigo huo unaongezeka kwa njia tatu. Kemia ndani ya betri hufanya kazi polepole inapopoa, hivyo nguvu yake ya kusukuma stata hupungua. Oili ya injini huwa nzito. Dereva aliyeweka oili nzito ya namba 40 ili kuficha moshi wa injini iliyochoka hujikuta anataka stata ikoroge ugali badala ya uji. Tatu, jambo ambalo wengi hawalifikirii: kwenye mwinuko wa mita 2,000 shinikizo la hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 20 kuliko pwani. Hewa kidogo ikigandamizwa hutoa joto kidogo. Gari lililowaka kwa mguso mmoja Mombasa linaweza kudai mizunguko mingi zaidi likiwa Timboroa, hata kama hakuna kilichoharibika.

Pamoja na yote hayo, betri nzima hubeba mzigo huo bila shida. Swali ni nani aliyeidhoofisha.

Jibu la kwanza ni joto. Watengenezaji wa betri hutumia kanuni rahisi: joto la betri likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Lori linaloshinda kwenye foleni ya bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, boneti imefungwa na injini inaunguruma, linaipika betri yake. Maji yanapungua, bati za risasi zilizomo ndani zinalika, unga wake unadondoka chini. Lakini pwani dereva haoni dalili yoyote, kwa sababu hewa ya moto humsaidia kuwasha. Wiki inayofuata lori linapanda Bonde la Ufa hadi nyanda za juu, linalala usiku mmoja, na asubuhi ugonjwa wa pwani unajitokeza mlimani. Dereva anailaani milima. Kosa lilifanyika ufukweni.

Jibu la pili ni matumizi ya mjini na mpakani. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha kujazwa mara moja. Haikutengenezwa kutoa nguvu kidogokidogo usiku kucha. Mfanyabiashara anayetandaza waya kutoka kwenye lori hadi taa ya kibanda chake sokoni, akachaji na simu za majirani huku redio ikiimba, anaimaliza. Kila inapoachwa tupu, salfeti huganda juu ya bati zake, na sehemu iliyoganda hairudi kazini hata ikichajiwa siku nzima. Foleni za mpakani hufanya vivyo hivyo: injini imezimwa, taa za kuegesha zinawaka, redio inaendelea, kisha lori linawashwa kusogea mita 30 na kuzimwa tena. Kila mwasho unachota, na hakuna muda wa kurudisha.

Jibu la tatu ni barabara. Mtikisiko huvunja bati na viungo vya ndani. Betri iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu badala ya kishikio chake cha chuma haifiki mbali kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo.

Ndiyo maana kununua betri mpya bila kumuondoa muuaji ni kumwaga maji kwenye gunia. Kabla ya kutoa pesa, fundi umeme wa magari anapaswa kupima mambo manne, na mita ya volti ya bei ndogo inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu. Stata inapopigwa, volti zisishuke chini ya takribani 9.6, zikishuka huku betri ikiwa imejaa, betri imechoka. Injini ikiwaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.4, ukiwa chini, oltaneta haichaji au mkanda wake umelegea, na ukipita sana hapo, maji ya betri yanachemshwa. La mwisho ni waya: vichwa vyenye unga mweupe au wa kijani, na waya wa bodi uliolegea, huizuia nguvu isifike kwenye stata. Betri nyingi hutupwa zikiwa nzima kwa kosa la waya ambao ungesafishwa kwa maji ya moto na brashi.

Ikithibitika kwamba betri ndiyo iliyokwisha, uchaguzi uanze na gari, si na bei. Kitabu cha gari, au maandishi kwenye betri ya awali, husema ukubwa unaotakiwa. Sokoni, betri nyingi hutajwa kwa majina ya Kijapani: N70, N100, N120, N150. Namba hizo hukaribia uwezo wa kuhifadhi umeme kwa ampea-saa. Kuna pia majina kama 95D31R. Hapo 31 ni urefu wa betri kwa sentimita, na herufi ya mwisho, R au L, huonyesha upande zilipo nguzo za chanya na hasi. Mnunuzi asiyeangalia herufi hiyo hufika nyumbani akakuta waya haufiki, au mbaya zaidi, fundi mwenye haraka anaunganisha kinyume na kuunguza oltaneta.

Kushuka ukubwa ili kuokoa pesa ni kosa kwenye dizeli. Gari lililoundwa kwa N100 likipewa N70 litawaka wiki ya kwanza Dar es Salaam na kugoma wiki ya pili Makambako. Kupanda ukubwa kidogo hakuna madhara ikiwa betri inaenea kwenye trei yake, inafungwa imara, na oltaneta ni nzima.

Baada ya ukubwa huja nguvu ya kuwasha, inayoandikwa kwa herufi CCA. Hicho ni kiasi cha ampea ambacho betri mpya iliyojaa hutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kila betri ya volti 12 kushuka chini ya volti 7.2. Hakuna mfanyabiashara wa Afrika Mashariki atakayelala kwenye baridi kama hiyo, na wauzaji wengine husema kwa hiyo namba hiyo haina maana huku. Wanakosea. CCA ni kipimo cha misuli. Betri mbili zinaweza kuwa na ampea-saa sawa, moja ikawa na misuli ya kuzungusha dizeli nzito na nyingine ikawa na uvumilivu tu wa kuwasha taa. Kwa injini iliyochoka, inayohitaji mizunguko ya haraka, misuli ndiyo inayonunuliwa.

Hata hivyo namba hiyo ina ujanja wake. Betri ileile ikipimwa kwa kanuni za Marekani, za Ulaya, za zamani za Ujerumani au za Japani hutoa namba tofauti. Baadhi ya lebo huandika CA badala ya CCA. Hicho ni kipimo cha nyuzi sifuri, na namba yake huwa kubwa zaidi kwa betri hiyohiyo. Mnunuzi anayelinganisha namba mbili ahakikishe kwanza kwamba zimepimwa kwa kanuni moja. Na betri isiyoandikwa kipimo chochote, iliyobandikwa tu picha ya simba au radi, haina cha kulinganishwa nacho.

Jambo la tatu ni tarehe. Betri iliyojazwa tindikali huanza kujimaliza yenyewe ikiwa rafuni, na joto huharakisha. Betri iliyokaa mwaka mzima kwenye duka lenye paa la bati, bila kuchajiwa, si mpya hata kama nailoni yake haijachanwa. Tarehe ya kutengenezwa hugongwa au kuandikwa kwa msimbo, na muuzaji mwaminifu huusoma msimbo huo mbele ya mteja. Isiyozidi miezi 6 ndiyo ya kuchukua. Muuzaji asiyeweza kusema betri imetoka kiwandani lini, hata kwa punguzo kubwa, anauza asichokijua.

Zipo pia betri zinazouzwa kavu na kumwagiwa tindikali dukani. Hizo hazina tatizo la kuzeeka rafuni kwa kasi, lakini zina tatizo la haraka. Mteja hutaka kuondoka, muuzaji humwaga tindikali, betri inafungwa kwenye gari dakika 10 baadaye. Betri hiyo inahitaji kwanza bati zake zilowe, kisha ichajiwe ipasavyo kwa mashine kabla ya kupigishwa stata. Hidromita ikitumbukizwa katika kila tundu, uzito wa tindikali usomeke kati ya takribani 1.24 na 1.28 kulingana na maelekezo ya kiwanda, na matundu yote 6 yakaribiane. Saa chache za kusubiri siku hiyo hurudisha miezi mingi ya kazi.

Ubishi mkubwa zaidi vijiweni ni kati ya betri ya maji na betri kavu isiyofunguliwa. Mtindo wa sasa unapendelea kavu, kwa kuwa haina usumbufu. Kwa gari jipya linalotunza volti zake vizuri, sawa. Kwa dizeli ya miaka 20, ambayo kidhibiti cha oltaneta yake kinaweza kuchaji kupita kiasi bila mtu kujua, betri ya maji yenye vifuniko ina sifa ambayo haipaswi kudharauliwa: maji yakipungua huonekana na huongezwa. Betri iliyofungwa ikipoteza maji, imekwenda nayo. Sharti ni kwamba mwenye gari awe tayari kuikagua kila wiki mbili na kuongeza maji safi ya betri tu, si maji ya bomba, si ya kisima, na kamwe si tindikali. Asiyekuwa na muda huo achukue iliyofungwa, lakini atengeneze kwanza oltaneta.

Betri za sola zisiingizwe kwenye mjadala huu kabisa. Bati zake ni nene kwa ajili ya kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi. Hazina msukumo wa kupiga stata ya dizeli. Anayehitaji taa ya kibanda na chaji ya simu anunue betri ndogo ya sola kwa kazi hiyo, aiache ya gari ipumzike. Betri mbili zenye kazi mbili hugharimu pungufu kuliko betri moja inayouawa kila mwaka.

Malori mengi ya kati na makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Humo mna makosa mawili yanayorudiwa kila siku. La kwanza ni kubadilisha moja na kuiacha nzee iendelee. Ile mpya huchajiwa kupita kiasi huku nzee ikikosa chaji ya kutosha, na baada ya miezi michache zote mbili ni wagonjwa. Betri za lori la volti 24 hununuliwa pamoja: aina moja, ukubwa mmoja, tarehe moja. La pili ni kufunga redio au taa ya volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo huliwa peke yake. Kifaa cha kupunguza volti kinachovuta kutoka zote mbili si ghali ukilinganisha na hasara hiyo.

Wapo wanaosema gari kuukuu halistahili betri ya bei kubwa. Hesabu inawajibu. Uchukuliwe mfano wa kukadiria tu: betri moja inauzwa shilingi 200,000 za Tanzania na inadumu miezi 9, nyingine inauzwa shilingi 320,000 na inadumu miezi 30. Ya kwanza imegharimu zaidi ya shilingi 22,000 kwa mwezi, ya pili haifiki 11,000. Na hapo bado hazijahesabiwa asubuhi za kusukuma, posho za vijana, mboga zilizonyauka na mteja aliyepiga simu kwa muuzaji mwingine. Mfanyabiashara anayejua faida ya kila gunia hadi senti ya mwisho hana sababu ya kuacha kupiga hesabu anapofika duka la vipuri.

Wapo pia wanaojivunia mbinu: kuegesha kwenye mteremko, kuacha injini ikiunguruma usiku kucha, kuwasha moto wa kuni chini ya sampu ya oili, au kupuliza petroli kwenye njia ya hewa. Mteremko si mbaya, lakini hauchagui kuwepo kila mpaka. Injini inayounguruma usiku kucha hula dizeli ambayo katika safari chache ingelipa betri, na moshi wake humpata utingo anayelala kichwani mwa gari. Moto chini ya gari lililobeba mzigo wa mtu si mbinu, ni bahati nasibu. Petroli au gesi ya kuwashia ikikutana na plagi za kupasha moto zilizochemka inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Hata kuazima moto kuna mipaka: lori la volti 24 likimsaidia mwenye gari la volti 12 bila uangalifu, humuachia vifaa vilivyoungua.

Limebaki suala ambalo mwenye gari hawezi kulimaliza peke yake. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 1, 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Rusumo, Namanga, Busia na Malaba, vimeondoa usumbufu wa kukaguliwa mara mbili. Bidhaa inavuka, mtu anavuka, gari linavuka. Lakini gharanti ya betri mara nyingi hubaki dukani iliponunuliwa. Aliyenunua Kampala akaharibikiwa Kigali huambiwa arudi Kampala, na gari halitembei. Miezi 12 ya gharanti iliyoandikwa kwenye karatasi humsaidia asiyesafiri, wakati anayesafiri ndiye anayeihitaji zaidi.

Watengenezaji na waagizaji wenye mawakala katika nchi zaidi ya moja wanapaswa kuiheshimu gharanti yao popote walipo na bango lao. Ni huduma, si zawadi. Kampuni itakayoianza itawapata wafanyabiashara wa mipakani wote. Vyama vya wafanyabiashara na vya wasafirishaji vina nguvu ya kuidai kwa pamoja, kwa sababu mnunuzi wa betri moja hasikilizwi, ila wanunuzi 500 wanasikilizwa. Mashirika ya viwango nayo yana wajibu wa kuhakikisha kila betri inayoingia sokoni ina tarehe inayosomeka na kipimo cha kuwasha kilichotajwa pamoja na kanuni yake.

Mpaka hilo litakapotimia, mwenye gari ana kinga moja: kununua kule anakorudi, si kule anakopita. Duka lililo mwanzoni mwa safari yake ya kila wiki, lenye risiti iliyoandikwa tarehe na namba ya betri, lina thamani kuliko punguzo la bei kwenye mji atakaouona mara moja kwa mwaka.

Betri iliyokufa nayo isitupwe wala kuuzwa kiholela. Ndani yake mna risasi na tindikali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara ya sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri kuukuu pia si mzigo wa kuvushwa mpakani kama chuma chakavu. Mkataba wa Basel unaihesabu kuwa taka hatarishi, na kuivusha kunahitaji vibali. Muuzaji anayepokea nzee na kupunguza bei ya mpya ndiye njia rahisi na salama, na punguzo hilo liingizwe kwenye mapatano tangu mwanzo.

Huko Kabale, lori hatimaye litawaka. Vijana watalisukuma, moshi mweupe utafunika uwanja, mama atapanda na safari itaanza, saa moja na nusu imechelewa. Kigali atakuta wenzake wameshauza. Dereva atasema tena kwamba ni baridi. Mwenye mzigo anaweza kumjibu kwa upole kwamba baridi itakuwepo kesho na kesho kutwa, nayo haina duka la kurudishia. Kinachoweza kubadilishwa ni betri, waya wake, na hesabu ya aliyeinunua.